Kidole cha Bwana Okuzono

Osaka, mwishoni mwa Novemba

Dada yangu Sayoko,

Shikamoo. U hali gani huko nyumbani, na mgongo wa Mama unamsumbua kiasi gani na baridi hii? Sisi huku si haba. Mitsuo ana mafua, lakini ukimwona anavyokula huwezi kujua. Mimi ni mzima, nina hamu tu ya kukuona. Ile mitungi ya ume, yale matunda yetu ya chumvi, mliyotutumia imefika yote, hakuna hata mmoja uliopasuka, na tumeshaanza kuila na wali mtupu. Mwambie Mama mwaka huu chumvi imekolea vizuri kama ile ya bibi. Miti ya barabarani imemaliza kupukutika, na mwenye nyumba wetu anashinda akifagia majani huku akiyatukana.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu hupokei na kompyuta uliitupa. Sikulaumu. Ila nakuomba uisome barua hii ukiwa peke yako, na uisome kabla ya Jumamosi. Narudia, kabla ya Jumamosi. Mama asiione mpaka wewe mwenyewe uamue.

Kwanza nikiri uongo wangu. Niliwaambia nimepata kazi kwenye ofisi ya bima. Hakuna cha bima wala nini. Tangu mwaka jana nafanya kazi palepale ulipokuwa wewe, idara ileile, chini ya mtu yuleyule. Ndiyo, Okuzono. Najua hapa umeiweka barua chini. Tafadhali iokote, tuendelee.

Walinichukua kwa sababu hawakunijua. Nilipoolewa nikawa Ebisawa, na jina letu la Shiotani likabaki nyumbani kwa Mama. Sura pia hatufanani. Wewe ulichukua ya Mama, mimi nikaangukia pua ya Baba, na siku ile ya usaili niliishukuru pua hii kwa mara ya kwanza maishani. Mitsuo alinikataza. Alisema nikienda pale kwa hasira nitarudi kila jioni nimenuna, na yeye ndiye atakayekula chakula kilichoungua. Nikamwambia kama anaogopa chakula kuungua, jiko analijua lilipo.

Unataka kujua kwa nini nilienda. Nilienda kwa sababu ya siku uliyorudi nyumbani umeshika koti mkononi, ukavua viatu mlangoni, ukasema maneno mawili tu, kwamba ulisahau folda. Basi. Ukaingia bandani kuchambua ume na hukutoka tena. Kengele ikilia unajificha nyuma ya mapipa, mtu mzima! Wewe uliyenifundisha kusoma, wewe unayerudi kuangalia jiko la gesi mpaka tunachelewa treni, eti ulisahau folda? Thubutu. Mama aliamini kwa sababu ulisema wewe mwenyewe. Mimi sikuamini hata siku moja, na nilikula kiapo pale pale jikoni kwamba aliyekufanya uamini hivyo nitamtafuta, na nikimpata nitamkomoa.

Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi, lakini acha niieleze nilivyoikuta, maana nataka uone kwa macho yangu. Kila tovuti tunayotengeneza ina folda mbili, ya kazi na ya kupeleka. Kwenye ile ya kazi tunaandika mitindo, yale maagizo ya rangi na nafasi na ukubwa wa maandishi. Ukiipa kompyuta amri, inayapika maagizo hayo na kuyapakua kwenye folda ya kupeleka, ambayo ndiyo inayokwenda kwa mteja. Lakini inapika mitindo tu. Folda ya picha na folda ya fonti, yale maumbo ya herufi, lazima mtu azinakili kwa mkono, aziburute kutoka huku hadi kule, kila mara, hata kama kilichobadilishwa ni rangi ya mstari mmoja. Na mtu huyo ni mdogo wa idara. Zamani ulikuwa wewe, nikawa mimi.

Wiki ya kwanza nilimuuliza Okuzono kwa nini kompyuta isinakili yenyewe. Akacheka mpaka akakohoa. Akawaambia wenzangu wamsikilize huyu mgeni, kesho atataka mashine impigie na mswaki. Halafu akanigeukia kwa upole wa kinafiki na kunieleza kwamba kunakili kwa mkono ndiko kunakomtia mtu moyo wa kazi. Nikasema ndiyo, mkuu. Nimesema ndiyo, mkuu pale mpaka maneno yenyewe yananiuma ulimi.

Kile kidole chake bado yuko nacho. Hakuna kazi inayotoka bila yeye kuja mezani, kukunja mkono wa shati, na kubonyeza amri ya mwisho kama anayegonga muhuri. Bado anasema palepale, haya, mzee anatia baraka. Bado wote tunasimama na kusema asante.

Sasa sikiliza. Alasiri moja tulikuwa na tovuti ya daktari wa meno. Nilikuwa nimeshanakili folda zote mbili, nimezifungua, nimehakiki kila picha. Nikaenda kumimina chai. Nikiwa pale kwenye jiko letu dogo la ofisi, kupitia kioo, nikamwona Okuzono anakaa kwenye kiti changu na kutia baraka zake. Kumbe amri anayoipenda huanza kwa kusafisha! Inafuta kila kitu kwenye folda ya kupeleka, ndipo inapika mitindo upya. Alichonakili mtu kwa mkono kinafutwa chote. Nilimwona akifungua ukurasa, akiona visanduku vitupu mahali pa picha. Nilimwona akitazama kushoto, akitazama kulia. Halafu akainuka taratibu, akarudi mezani kwake, akafungua pakiti ya biskuti za mchele.

Akamaliza biskuti yake ndipo akaniita kwa sauti ya kusikika idara nzima. "We Ebisawa! Folda umesahau? Akili umeiacha kwenye treni leo?"

Niliinama, Dada. Niliomba radhi. Niliinama kwa sababu kichwani nilikuwa nakuona wewe. Hukusahau. Uliweka kila kitu mahali pake, yeye akaja na kidole chake akafuta, na wewe ukainama mbele ya Bi Minase na wageni wake siku ya kufungua tovuti ya duka lao la kombu, ule mwani mkavu, siku ambayo yale maandishi ya jina la duka, aliyoyaandika marehemu mumewe kwa brashi, hayakuonekana kwenye skrini. Bi Minase akakwambia huna macho wala moyo. Maneno hayo nimeyasikia ofisini, wewe hukuwahi kutuambia.

Nilitaka bado kumpa nafasi moja. Nikajisemea labda hakujua, labda ni mjinga tu. Basi ikaja sherehe ya kufunga mwaka, pombe ya sake imemwingia, mashavu mekundu, anawahadithia wenzangu habari za siku ile ya Minase kama anayetoa kichekesho. Alisema alijua palepale kwamba ni yeye aliyefuta. "Sasa mlitaka mkuu wa idara mzima aangushe paji la uso mezani? Msichana alikuwepo, akainama, yakaisha. Tena aliinama vizuri!" Watu wakacheka. Nami nilikuwa namjazia kikombe. Sikumwaga hata tone, na hilo najivunia mpaka leo.

Mwezi uliofuata nilitengeneza kitu. Ni kidogo sana, ungekiandika wewe ukiwa umefumba macho. Nililiandika faili fupi wakati wa chakula cha mchana, tonge la wali mkono mmoja. Linaiambia kompyuta: ukimaliza kusafisha, pika mitindo, ukimaliza kupika, nakili folda ya picha na folda ya fonti na vyote vilivyomo, mpaka folda za ndani kabisa. Yote kwa amri moja. Naapa sikukitengeneza kwa kisasi. Nilikitengeneza ili yeyote atakayekaa kwenye kile kiti baada yetu asije akainamishwa tena kwa kosa la kidole cha mtu.

Nilipomwonyesha alivuta midomo. Akabonyeza. Folda zikajitokeza zenyewe, picha tele, fonti tele. Akabonyeza tena, na tena, anacheka kama mtoto aliyepewa filimbi. Jumatatu kwenye mkutano wa asubuhi akasimama mbele ya mkurugenzi na kutangaza kwamba ametafakari kwa muda mrefu jinsi ya kuondoa makosa ya vijana, na sasa ana furaha kuleta Mfumo wa Okuzono. Mfumo wa Okuzono, Dada! Mkurugenzi akapiga makofi. Nami nikapiga. Baadaye kwenye korido akanigonga bega kwa faili lake na kuniambia nisinune, kazi yote ya idara inapita chini ya jina la mkuu, na mimi bado nina miaka mingi ya kunakili vitu vingine.

Hata hapo nilijikaza. Kilichonimaliza ni simu. Bi Minase alikuwa anataka tovuti ya duka itengenezwe upya kwa ajili ya zawadi za mwisho wa mwaka, ila hakuwa na imani nasi tena, na haki yake. Okuzono akampigia, anainamia simu kama inamwona, akamwambia asiwe na wasiwasi wowote. Safari hii hakuna mkono wa msichana utakaogusa. Ni mfumo wake mwenyewe, alioujenga mwenyewe, na ni kidole chake tu. Waje ofisini wajionee kwa macho.

Mkono wa msichana. Miaka imepita, bado alikuwa anajifutia miguu kwako.

Walikuja Jumanne. Bi Minase amezeeka lakini hajapinda, na ulimi wake bado ni ule wa wafanyabiashara wa Senba, unakata huku unatabasamu. Alikuja na mwanawe. Mkurugenzi wetu alikuwepo. Mimi nilikaa mwisho wa meza kwa ajili ya kumimina chai, ndiyo kazi niliyopewa. Tovuti yenyewe ilikuwa salama kwenye nakala nyingine, hilo nililihakikisha mwenyewe, maana mama wa watu hana kosa. Kilichokuwa kwenye skrini ya ukutani kilikuwa cha maonyesho tu. Okuzono alionyesha kwanza ukurasa ulivyo, na yale maandishi ya brashi yalitokea makubwa, meusi, mazuri. Bi Minase akayatazama. Kisha Okuzono akasema sasa atajenga yote upya mbele yao, kwa mguso mmoja. Akakunja shati. Akatia baraka.

Ukurasa ukarudi mtupu. Rangi ipo, mistari ipo, lakini picha za kombu hakuna, visanduku vitupu tu, na mahali pa jina la duka pana tobo jeupe.

Akabonyeza tena. Tobo. Akabonyeza mara nyingine, na jasho limeanza kumtoka shingoni, nililiona likilowesha kola. Utauliza, ule mfumo uliharibikaje? Subiri, nitafika huko.

Bi Minase ndiye aliyezungumza kwanza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa. Akasema tobo hilo amewahi kuliona. Akasema kumbe, na hapa ndipo Mungu amlinde yule mama, kwani Bwana Okuzono ndiye anayebonyeza siku zote? Naye kwa kiherehere chake, akidhani anapewa nafasi ya kujisafisha, akajibu upesi. "Siku zote, mama. Haijatoka kazi hapa bila kidole changu."

"Hata ile yetu ya kwanza?"

Angalia, Dada, nimeishi kwa ajili ya sura ile. Alitazama kushoto, akatazama kulia, vilevile kama siku ya daktari wa meno, na mwisho macho yake yakaniangukia mimi na buli langu. Akasema lazima Ebisawa amegusa kitu, huyu msichana ana mikono mizito. Bi Minase akamkumbusha kwamba sasa hivi tu alisema hakuna mkono mwingine unaogusa. Mkurugenzi akawa anatazama meza.

Niliweka buli chini nikasimama. Nikaeleza, kwa adabu zote ulizonifundisha, kwamba amri ile huanza kwa kufuta, na mtu akinakili halafu mwingine akaibonyeza, kazi ya wa kwanza hupotea. Nikasema ndivyo ilivyokuwa siku ile, na kwamba mkuu alituambia mwenyewe kwenye sherehe, tukiwa idara nzima. Kisha nikasema jina langu kabla ya kuolewa ni Shiotani.

Bi Minase alishika ukingo wa meza. Akasema, Shiotani, yule aliyeinama mpaka nywele zikagusa sakafu. Halafu akasema alikwambia neno baya, na hakuna asubuhi anapolowesha kombu bila kulikumbuka, kwa sababu hata alipokuwa analisema aliona kwamba mtu asiye na moyo hawezi kuinama vile. Akamgeukia Okuzono, na utamu wote ukaisha. Akamwambia duka lake halitatia mguu hapa, wala simu yake haitapokewa, mpaka aende nyumbani kwa yule binti na kufanya alichopaswa kufanya siku ile. Mkurugenzi akainama kuliko wote. Akasema Okuzono atakwenda. Jumamosi hii.

Kwa hiyo anakuja, Dada. Atakuja na suti nyeusi na boksi la yokan, zile tamutamu za maharage, bila shaka lile kubwa zito, maana watu wa aina yake hudhani radhi inapimwa kwa uzito wa maharage. Akigonga, usikimbilie mlango. Usijifiche nyuma ya mapipa pia, nakusihi kwa jina la Baba. Kaa sebuleni umevaa sweta lako la bluu, mwache asimame nje kwenye baridi mpaka vidole vimfe ganzi, hasa kile kimoja. Ukimfungulia, usimpe mto wa kukalia. Chai asipewe. Akigusisha paji la uso kwenye mkeka, usimwambie inuka. Hesabu polepole kichwani namna tulivyokuwa tukihesabu tukiwa kwenye maji ya moto na Baba, na ukifika mwisho, anza upya.

Sasa nifike pale nilipokwambia usubiri. Mfumo haukuharibika. Jumanne asubuhi, kabla hajafika mtu, nilifungua lile faili na kuufuta mstari unaonakili folda. Ni mimi. Safari hii hakuwa na kosa, alibonyeza amri nzuri na ilipaswa kufanya kazi. Nilijua atasimama pale na kusema ni kidole chake peke yake, na nilimwachia kidole hicho kimmalize. Wote wanaamini ni uzembe wake wa zamani umemrudia, naye mwenyewe anaamini hivyo; jana nilimkuta anatazama mkono wake kama si wake. Mitsuo hajui. Niliurudisha mstari mahali pake jioni ileile, kwa ajili ya watakaokuja, na barua ya kuacha kazi nimeshaitoa. Kwa hiyo Jumamosi atakuinamia kwa makosa ya siku mbili. Moja ni yake. Ya pili ni yangu, na unaijua wewe tu.

Sijutii. Nikisema najuta nitakuwa nakudanganya tena. Lakini wewe ndiwe uliyeinamishwa kwa kosa lisilo lako, na wewe peke yako duniani unajua ladha yake. Ukiona ni haki kumwambia kwamba Jumanne alionewa, mwambie. Sitakukasirikia hata kidogo. Nakuomba tu, Dada, akishainama, si kabla.

Bi Minase amenipa furushi la kombu ya mwaka huu, ile nene ya supu, nimelituma pamoja na barua hii. Anasema hadai jibu, ila siku utakayopenda kupita dukani kwake utamkuta mbele, hatakuwa nyuma. Msiipike Jumamosi, harufu yake isije ikamfurahisha mtu.

Nisalimie Mama sana, mwambie ajipake ile dawa ya mgongo na aache kubeba mapipa. Wasalimie majirani wa bondeni. Mitsuo anakusalimu, kati ya chafya na chafya. Tukijaliwa tutakuja mwaka mpya, na safari hii nikigonga natumaini atakayefungua ni wewe. Na yule mbwa wa nyumbani, Jumamosi asifungwe.

Mdogo wako akupendaye,

Shiotani Chinatsu